Wifi yangu alibeba kinga mugongoni: course ya ziwa, mulima na matope, Bukavu wakati wa Zaïre

Wakuu, nawasalimia kutoka Bukavu, mvua inapiga mabati na nimekunja miguu kwenye kiti.

Nimesoma nyuzi zenu miaka mingi bila kuandika neno. Leo naandika. Haya sikuhadithiwa, yalinipata mimi mwenyewe. Na yule tuliyekuwa naye iko hai. Nikiongeza chumvi atanipigia simu leo leo.

Kiswahili changu mutakivumilia. Ni cha Kivu, Kifaransa kimeingia ndani kama mawe kwenye maharagi, na mimi ni maman wa wajukuu, sitabadilika sasa.

Ilikuwa ile miaka ya Zaïre. Majina ya ubatizo yalikatazwa, wanaume walivaa abacost, ile suti isiyo na tai, na kila mutu aliitwa citoyen ao citoyenne, yaani mwananchi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikisomea ualimu. Nilikaa Kadutu, mutaa mumoja wa Bukavu, kwa kaka yangu Zihindula na muke wake, Nsimire.

Nsimire alitoka Idjwi, kile kisiwa kikubwa cha katikati ya ziwa Kivu. Mwanamuke mufupi, shingo nene, maneno machache. Baba yake alikuwa muvuvi asiye na mutoto wa kiume, kwa hiyo yeye njo (ndiye, kwa Kiswahili chenu) alishika kasia tangu utoto.

Mimi nilimuona mushamba. Nasema ukweli wote, hata ule unaonitia haya.

Walikuwa wameoana miaka mbili bila mutoto. Siku moja, kwenye bomba la maji la avenue yetu, nikawaambia wasichana wenzangu: "Kaka yangu alinunua shamba lisiloota kitu." Wakacheka. Mimi pia nikacheka.

Nilipogeuka, Nsimire alikuwa nyuma yangu na ndoo yake.

Alingoja zamu yake, akajaza maji, akaenda. Tangu ile siku hakunisemesha tena. Miezi sita, ndani ya nyumba ya vyumba viwili. Chumvi ikiisha kwenye sahani yangu, anamwambia kaka: "Mwambie dada yako chumvi iko pale." Na mimi nimekaa hapo hapo.

Sikuomba musamaha. Nilikuwa na kiburi cha mutu mwenye daftari.

Sasa course, yale mashindano yenyewe.

Kamati ya michezo ya muji ilitangaza mashindano ambayo hatukuwahi kuona. Équipe ni watu wawili. Kwanza mutumbwi: kutoka Muhumba, kufuata ziwa upande wa kaskazini, mpaka ufuko ulio chini ya Mudaka. Halafu miguu: kupanda mbio kutoka ziwani mpaka soko la Mudaka. Halafu kinga, ndiyo jina letu la baiskeli: si kwa barabara kubwa, hapana, kwa njia za mashamba, kupanda milima ya Kabare na kushuka mpaka uwanja wa mupira wa Kadutu.

Wawili wafike pamoja, na kinga zao. Atakayefika nyuma ya kengele ya saa sita ya mchana, hahesabiwi.

Kaka yangu alikuwa fundi wa garage na mupenzi wa michezo kupita kiasi. Rafiki yake waliyepanga kushindana pamoja alihamia Goma kikazi, basi akaniandikisha mimi. Shuleni nilikuwa wa kwanza kwa mbio, na kinga nilijifunza kwa masista, nikiwapelekea barua zao. Alinizoeza mwezi muzima. Na kwa mwezi muzima aliwaambia watu wote wa avenue yetu kwamba tutawaonyesha.

Siku tisa mbele ya course, malaria ikamulaza.

Nakumbuka ile jioni. Anatetemeka chini ya mablanketi mawili, anasema nipeleke habari kwa kamati kwamba tunajiondoa. Nsimire akaweka sufuria chini.

"Mwambie dada yako mimi nitapiga kasia," akamwambia mume wake.

Kaka akajaribu kucheka, meno yakagongana. "Na kinga? Weye haujapanda kinga hata siku moja."

"Nitajifunza."

"Nsimire, mutafanya watu wanicheke."

"Watakucheka kesho ukijiondoa, ao watakucheka ile siku. Chagua."

Kaka akageukia ukuta. Tukachukua kwamba amekubali.

Wakuu, kumufundisha mutu kinga wakati hataki kukusemesha ni kazi ya ajabu. Kila asubuhi mbele ya masomo tulienda kwenye kiwanja cha shule. Yeye amefunga pagne, kitenge chake, katikati ya miguu kama suruali, mimi nashika kiti cha kinga kwa nyuma nikikimbia. Maneno yake yalikuwa mawili tu. "Shika." "Achilia."

Alianguka mara nyingi sana. Hakulia, hakulaani. Anainuka, anapangusa damu na jani, anapanda tena.

Siku ya sita alivuka kiwanja chote peke yake na kuingia ndani ya ua wa miti upande wa pili, kwa sababu breki alikuwa hajazielewa. Mpaka siku ya course alisimamisha kinga kwa kuweka mguu chini.

Asubuhi yenyewe ufuko wa Muhumba ulijaa watu. Équipe kumi na sita. Kulikuwa na coopérants wawili, walimu wa kizungu, na mutumbwi wao mwekundu wa plastiki. Kulikuwa na wanajeshi. Kulikuwa na vijana wawili wa kijiji cha Miti wanaoteremsha mashu, yaani kabichi, na makala ya kupikia mujini kwa kinga kila siku, miguu yao kama nguzo. Wote wanaume.

Katibu wa kamati alituangalia, akaangalia karatasi yake.

"Citoyennes, wachuuzi wanapita upande ule."

"Hatukuja kuuza," nikasema. "Tumeandikishwa. Équipe ya Zihindula. Yeye iko mugonjwa, huyu ni muke wake."

"Wanawake hawashindani hapa."

Nsimire akasema, sauti ya chini kabisa: "Utusomee hapo règlement inaposema hivyo."

Akasoma zile kanuni. Ukurasa wa kwanza, wa pili. Watu wakaanza kusogea, wanasikiliza. Haikuandikwa popote. Si kwamba walitupenda. Haikuwaingia akilini kwamba mwanamuke anaweza kuja, basi hawakufikiri kutukataza.

Président wa kamati, muzee mwenye abacost ya kijivu, akapungia mukono. "Wacha waende. Watarudi wenyewe."

Kicheko kikapita ufukoni. Kilinichoma. Nsimire alikuwa tayari anasukuma mutumbwi ndani ya maji.

Mimi nilikaa mbele, yeye nyuma, kwa sababu wa nyuma njo anaongoza. Dakika za kwanza nilipiga kasia kama mutu anayepigana na nyoka. Maji yote yakatuingilia sisi.

"Polepole," akasema. "Sikiliza kasia yangu. Ikiingia, ingia."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoniambia kwa miezi sita.

Nikasikiliza. Kasia yake iliingia majini bila kelele. Nikafuata. Mutumbwi ukaacha kuyumba na ukaanza kwenda. Tukawapita wanajeshi, walikuwa wanabishana nani anaongoza. Tukapita équipe ingine iliyokuwa inamwaga maji kwa kopo. Upande wa kushoto mashamba ya migomba yanateremka mpaka ziwani, na mbele yetu ule mutumbwi mwekundu unazidi kuwa mudogo.

Sijui kwa nini nilisema pale. Labda kwa sababu sikuhitaji kuona uso wake.

"Nsimire. Ile siku ya bomba. Nilikosea. Nilisema neno baya na niliona haya kurudi kwako. Unisamehe."

Kasia yake haikusimama. Nikangoja.

"Piga," akasema. "Upepo unakuja."

Basi. Na upepo ulikuja kweli, mawimbi mafupi ya pembeni, sikupata nafasi ya kufikiri ingine. Tulifika ufuko wa chini ya Mudaka tukiwa wa tano.

Ile mbio ya kupanda mulima ilikuwa yangu. Nasema bila aibu, nilikuwa na mapafu ya mbuzi. Lakini wawili lazima waende pamoja, na Nsimire hakuwa mutu wa kukimbia. Alikuwa mutu wa kutembea haraka bila kusimama, kama mamans wanaopanda na mizigo. Nikimutangulia, nageuka, nakuta iko pale pale nyuma yangu, hahemi. Wanaume sita walitupita wakikimbia. Tukawakuta wawili kati yao juu, wamekaa kwenye majani wakishika mbavu.

Mudaka ilikuwa siku ya soko. Mamans waliacha maboga na mihogo yao wakaja barabarani. Mumoja akauliza kwa Mashi, lugha ya huku kwetu, hawa mabinti wanakimbizwa na nani. Wengine wakajibu, "Wanashindana na wanaume." Kelele iliyotoka pale ningeweza kuibeba mpaka leo.

Tukachukua kinga zetu, zililetwa na camionnette, kigari cha mizigo cha kamati, siku moja mbele. Karani akatuandika: wa saba.

Kwa njia ya kwanza, kati ya migomba, Nsimire alipanda kinga yake uso umekazwa kama mutu aliyepanda ng'ombe. Lakini alienda. Alianguka mara moja kwenye shamba la maharagi, mwenye shamba akamufokea, Nsimire akamwomba radhi huku anainua kinga, akaendelea.

Halafu tukafika mulimani.

Ilikuwa imenyesha siku mbili mufululizo. Asiyejua udongo wa Kabare niache nimuelezee: ni mwekundu, na ukilowa unashika kama ugali wa mihogo. Unajaa kati ya gurudumu na chuma kinachokinga matope, mpaka gurudumu haligeuki. Huendeshi. Husukumi pia. Unaburuta kitu kilichokuwa kinga.

Tuliwakuta wote pale. Vijana wa Miti ndio peke yao walikuwa wamepita, walijua kung'oa vile vyuma mbele ya kuanza. Wengine wamekwama njia nzima ya kupanda, wanakwangua udongo kwa vijiti, wanasogea hatua kumi, wanakwangua tena. Hata wale coopérants. Mumoja alikuwa amekaa chini anaangalia viatu vyake.

Mimi nikaanza kukwangua kama wengine. Jua limepanda, nahesabu saa kichwani, naona hatufiki.

Nsimire alisimama akaangalia mulima. Halafu akafungua ile pagne ya pili aliyojifunga kiunoni, akaikunja ikawa mukaba murefu. Akapitisha chini ya chuma cha kinga, akafunga fundo, akachuchumaa, akaweka mukaba kwenye paji la uso, akainuka.

Kinga nzima mugongoni, magurudumu juu.

Wakuu, kila mutu wa Kivu anajua mamans wetu wanavyobeba kuni na mihogo kwa kamba ya kichwani. Tunaona kila siku mpaka hatuoni tena. Ile siku niliona. Aliinama mbele, akatazama vidole vyake vya miguu, akapanda. Aliwapita wale wanaume mumoja mumoja kama mutu anayepita foleni ya kanisani, polepole.

Nilijaribu kufanya kama yeye. Shingo yangu ilikuwa ya mwanafunzi. Nilipiga hatua tano, nikaanguka na kinga ikanilalia. Nikakaa palepale kwenye matope nikalia kwa hasira.

Nilipoinua uso, Nsimire alikuwa anateremka. Mikono mitupu. Kinga yake alikuwa ameiacha juu, karibu na karani mwingine wa control, aliyekuwa anaandika wanaopita.

Akafunga mukaba kwenye kinga yangu.

"Nsimire, hapana. Utaumia."

"Kule ziwani uliniuliza kitu, sikukujibu," akasema. Akachuchumaa, akaweka mukaba kichwani. "Nilikuwa nafikiri. Sasa nimemaliza. Nisukume kidogo hapa nyuma."

Nikasukuma. Tukapanda pamoja, mimi nashikilia gurudumu lisimupige, nalia bado, lakini si kwa hasira tena. Kinga ya kwanza, kinga ya pili, mulima mumoja mara mbili. Équipe moja ilikuwa imejikwangua ikatutangulia, basi tulipofika juu karani aliandika: wa tatu. Akaangalia alichoandika, akatuangalia, akatoa kofia.

Lakini kushuka kulikuwa bado.

Kutoka kule juu mpaka Kadutu njia inaanguka. Udongo wa upande ule ulikuwa umekauka, mawe yako nje, wanaume wakatukuta tena. Nsimire akasema, "Pita mbele. Usigeuke, ukigeuka nitaogopa." Nikapita. Nyuma yangu nasikia mawe yanaruka na sauti yake inaomba Mungu kwa Kihavu, lugha ya kwao, bila kupumua.

Équipe mbili zilitupita. Karibu na nyumba za kwanza nikasikia kishindo. Nikageuka. Alikuwa amelala pembeni, goti limefunguka, pédale moja imekunjika kabisa.

"Muguu unaweza?"

"Niko na muguu mumoja wa kufanya kazi. Kinga pia. Tunafanana," akasema, na kwa mara ya kwanza nilimuona anacheka na mimi.

Akaendesha na pédale moja mpaka uwanjani. Watu wa Kadutu walikuwa wamepanda juu ya kuta. Tulivuka musitari bega kwa bega, wa tano. Tulikuwa tunaosha uso kwenye ndoo wakati kengele ya parokia ilipolia. Kati ya équipe kumi na sita, saba tu zilihesabiwa.

Équipe ya sita ikalalamika palepale. Wakasema hatukuendesha kinga, tulizibeba kama mihogo, na kwamba mumoja alibeba mbili. Katibu akakimbia na karatasi zake. Président akamunyang'anya, akasoma mwenyewe, taratibu, kidole kwenye musitari.

"Inasema wafike na kinga zao," akasema. "Kinga hizi hapa. Wamama hawa hapa. Andika tano."

Zawadi zilikuwa za watatu wa kwanza. Vijana wa Miti walishinda, na kwa haki. Sisi hatukupewa kitu.

Kaka yangu alikuwa uwanjani. Alitoka kitandani amejifunga blanketi, macho manjano, anayumba. Nilifikiri atasema kitu kikubwa, yeye alikuwa mutu wa maneno. Alikaa chini akaangalia goti la muke wake, akaangalia alama ya mukaba kwenye paji lake, nyekundu kama kovu.

Halafu akachukua ile kinga yenye pédale iliyokunjika, akaisukuma mwenyewe mpaka nyumbani. Avenue nzima imetoka milangoni. Nsimire anatembea mbele, mikono mitupu. Mume wake nyuma, na blanketi lake, na matope, anasukuma. Ile miaka, kwetu, mwanamuke kutembea mikono mitupu mbele ya mume anayebeba, hatukuwa tumeiona. Hakuna aliyecheka.

Usiku wa ile siku sahani yangu haikuwa na chumvi. Nsimire akanisogezea kopo. "Chukua chumvi, Nabintu," akaniita kwa jina langu.

Mwaka uliofuata course ilirudi. Karatasi mupya ya règlement ilibandikwa sokoni, nikaenda kuisoma. Wanawake hawakukatazwa. Kulikuwa hata na équipe tatu za wasichana zilizoandikishwa. Lakini chini kabisa waliongeza musitari: "Ni marufuku kubeba kinga mugongoni."

Nilikimbia nyumbani kumuambia. Alikuwa anatwanga, na tumbo lake limeanza kuonekana. Akaniomba nirudie mara ya pili, polepole.

"Kwa hiyo waliketi," akasema, "wanaume wazima, na meza, na karatasi, wakaandika hiyo kwa sababu yangu."

"Kwa sababu yako."

Akarudi kutwanga, na nikaona mabega yake yanatikisika kwa kicheko.

Kuna atakayesema nimeandika haya yote kwa ajili ya nafasi ya tano. Ndiyo, mukuu. Nimepata diplome, nimefundisha watoto zaidi ya miaka thelathini, nimezika mume na nimeozesha mabinti. Ukiniuliza siku gani nilisimama wima kabisa, nitakuambia ile.

Nilichojifunza ni hiki. Neno baya linatoka kinywani bila kazi, lakini kulirudisha ni mulima, na huenda yule uliyemuumiza njo atakusaidia kuupanda. Usingoje miezi sita kama mimi.

Na tena: wale mamans munaowapita barabarani wameinama chini ya mizigo, mutazame shingo zao kwa heshima. Pale kuna nguvu ambayo hakuna aliyeipa médaille.

Nsimire sasa anatembea na fimbo, lile goti halikupona vizuri. Nimemusomea uzi huu kwa simu. Amesahihisha kitu kimoja tu: anasema kwenye shamba la maharagi alianguka mara mbili.

Haya, nimemaliza. Na nyinyi je, nani alikubebea mzigo siku ambayo hukustahili? Niandikieni hapo chini, nasoma yote, hata kama nachelewa kujibu kwa sababu ya miwani.